Yule bwana wa semina kaishika noti yangu kwa VIDOLE VIWILI! Dharau hii siimezi

BiVibua_DeepSea:

Wanajukwaa, leo salamu sina. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mtasoma hivyo hivyo.

Mnamjua. Msijitie hamumjui. Yule wa suti rangi ya mtindi, ambaye kila semina ya mji huu lazima apewe maiki, na akishapewa hairudishi mpaka betri ife. Huyo huyo. Jina silitaji, nina watoto.

Leo tumeitwa wauza samaki, mama lishe, mawakala na vijana wa bodaboda, tunaambiwa kuna elimu ya pesa ya kidijitali ya serikali. Nimeacha ndoo yangu ya vibua kwa kijana wangu, ambaye mteja akikohoa tu yeye kashapunguza bei. Nimekaa mbele. Maji chupa moja watu wawili, sawa, tumezoea.

Bwana akaanza. Noti zinaondoka, shilingi inahamia ndani ya simu, inatoka benki kuu moja kwa moja mpaka kwako. Hakuna cha kusumbuana chenji, hakuna wizi, hakuna noti chafu. Mie nikanyoosha mkono, nikauliza swali la mtu mzima: saa kumi na moja alfajiri niko mnadani, simu imezima chaji, mwenye samaki anataka chake, namlipa nini? Nikafungua pindo la khanga nikatoa buku teni kumwonyesha kwamba hii haizimi.

Akaja. Akaipokea. KWA VIDOLE VIWILI. Gumba na cha shahada, vile vitatu vimesimama vinaangalia feni, utadhani kashikishwa panya wa bohari. Akaisogeza puani, akaitupa mkono mbali, akasema: "Mama, hii ndiyo sababu tunakwenda kidijitali." Ukumbi wote kwa kwa kwa. Halafu nisikilizeni vizuri, akatoa tishu mfukoni AKAFUTA VIDOLE.

Akafuta vidole! Alfu kumi ya Jamhuri ya Muungano! Tembo mzima yule kaning'inizwa kwa sikio mbele za watu, halafu mtu anajifuta!

Ndiyo, inanuka samaki. Noti ya muuza samaki ulitaka inuke udi? Hiyo hiyo inayonuka ndiyo imelipa ada, ndiyo imelipa ushuru wa soko, na sijawahi kumwona mkusanya ushuru akija na tishu.

Sasa kilichonimaliza. Saa saba sinia zimekuja. Nimemwona kwa macho yangu mawili, kakunja mikono ya suti, anachambua changu wa kupaka kwa vidole vitano. VITANO! Hata mfupa kaufyonza. Kumbe samaki hanuki, anayenuka ni mimi na hela yangu.

Sitaki ushauri. Nataka watu wa kukasirika nao.

Baiskeli_Ngamiani:

Nilikuwepo, nathibitisha. Ile tishu kaiacha mezani kwa mawakala, mmoja akaifutia jasho bila kujua.

Ila bi mkubwa, tuseme kweli. Noti ilikuwa na gamba.

BiVibua_DeepSea:

Gamba la changu halijawahi kuzuia noti kupokelewa Tanga hii. Weye mwenyewe chenji zangu unapokea na magamba yake na hujasema kitu.

MtuMakini_Raskazone:

Tuweke mambo sawa kidogo. Pesa iliyo kwenye simu zenu sasa hivi ni ahadi ya kampuni, na fedha zenyewe zimehifadhiwa benki kwenye akaunti ya dhamana. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni ahadi ya benki kuu yenyewe, sawa na noti, ila haina karatasi. Ni vitu viwili tofauti.

Pili, hapa nchini hakuna aliyetangaza kufuta noti. Januari 2023 Benki Kuu ilisema jambo hili inalifanyia kazi kwa awamu na kwa tahadhari. Bahamas walizindua ya kwao Oktoba 2020, Nigeria Oktoba 2021, na kote huko noti zipo zinatembea. Kenya nao walikusanya maoni mwaka 2022, mwaka uliofuata wakasema si jambo la haraka kwao. Mtoa mada unagombana na semina, si na sera.

BiVibua_DeepSea:

Kaka, mie nagombana na VIDOLE. Umesoma au umeona neno benki ukarukia?

Kiti_cha_Nyuma:

Nilikaa nyuma yako dada. Nilihama kiti mara ya kwanza kwa ajili ya feni, mara ya pili si kwa ajili ya feni. Bwana yule kakosea adabu lakini pua yake haikumdanganya.

BiVibua_DeepSea:

Allah! Na weye nakujua, ndiye uliyebeba soda mbili.

WakalaMakorora:

Wenye haki ya kulia ni sisi mawakala. Hela ikitoka benki kuu ikafika moja kwa moja kwa mteja, kamisheni yangu inapitia wapi? Nimeuliza, nimejibiwa "mtapewa majukumu mapya". Majukumu! Kibanda nalipia kodi, mwavuli umepasuka, mtu ananiletea majukumu.

ShangaziMgandini:

Weye wakala usituletee machozi. Nikija kuweka huna floti, nikija kutoa huna keshi. Huwa una nini hasa?

WakalaMakorora:

Shangazi unakuja na laki tatu saa mbili usiku, unataka nizitoe kwenye soksi?

BahariaMstaafu:

Wanangu, mie nilikuwa melini, tulifunga Lagos Februari 2023. Benki yao ilikuwa imebadili noti, za zamani watu hawazipokei, mpya hazionekani. Foleni kwenye mashine za kutolea pesa tangu usiku, mtu kalala na ndala kichwani. Wengine wanampa wakala kitu kidogo ili awape hela yao wenyewe! Na ile ya kidijitali ya serikali walikuwa nayo tangu 2021, ipo kwenye simu imetulia. Sikumwona anayeitaja. Kila mtu analilia karatasi.

Basi anayesema noti zife, mpelekeni pale wiki moja tu, njaa imfundishe.

MtuMakini_Raskazone:

Mzee wangu, tatizo la Nigeria lilikuwa namna walivyobadili noti, si sarafu ya kidijitali.

BahariaMstaafu:

Njaa haikuniuliza tatizo ni lipi, mwanangu.

KitochiHakizimi:

Mmesahau Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika? Intaneti ikawa ya kubahatisha siku kadhaa. Sasa shilingi nzima iwe humo humo, halafu papa au nanga ya meli ipite juu ya waya, Tanga nzima tunashinda na kahawa ya mkopo.

MtuMakini_Raskazone:

Pesa ya simu ya nyota na alama ya reli haihitaji intaneti. Na moja ya mambo yanayofanyiwa kazi duniani ni sarafu za kidijitali kulipana bila mtandao kabisa, simu kwa simu.

BiVibua_DeepSea:

Unaona! Hilo ndilo jibu nililolitaka asubuhi! Angesema hivyo tu, ningekaa chini, ningekunywa nusu chupa yangu. Yeye kanusa. Kaulizwa swali la chaji, kajibu kwa pua. Halafu tishu.

Jirani_Chumbageni:

Mie naogopa jambo moja tu, kuonekana. Leo nikimpa mdogo wangu elfu ishirini mke wangu hajui. Ikiwa kila shilingi ina kumbukumbu yake kwenye mtambo wa serikali, ndoa ngapi za Chumbageni zitabaki?

MkeWaJirani:

Elfu ishirini ya lini?

Jirani_Chumbageni:

Nilikuwa natoa mfano.

PweraUsagara:

Hahaha mzee kajichoma mwenyewe. Turudi kwenye mada. Hawa watu wa kutuhamishia hela kwenye simu tuwaulize Julai 2021. Tumeamka asubuhi kila muamala una tozo, kutuma tozo, kutoa tozo, nchi nzima ikapiga kelele mpaka zikapunguzwa. Noti yangu nikimpa fundi baiskeli inafika nzima, haimeguki njiani.

MkweTaabani:

Noti nazo mnazisifia bure. Mama mkwe wangu alikuwa na kibubu cha noti za zamani, zile walizotangaza kuziondoa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Tangazo limelia redioni miezi mitatu. Mama yuko kimya. Mei mwishoni ananiita chumbani, anafunua godoro. Sasa nani analaumiwa? Mimi. Ati mkwe mwenye simu kubwa anashindwaje kumkumbusha. Nilijuaje godoro lina nini?

ShangaziMgandini:

Mkwe wa kiume hafunui godoro la mama mkwe, hapo una haki. Lakini redioni ulisikia ukanyamaza.

MkweTaabani:

Shangazi leo umeamkia upande gani?

DerevaWaKange:

Tatizo la mji huu si noti wala dijitali, ni chenji. Abiria wa Pongwe anapanda na buku teni asubuhi nauli ya mtu mmoja, nikimwambia sina ananiita mwizi. Nikimpa namba ya kulipia anasema makato.

PweraUsagara:

Chenji weye ndiye usiseme. Mia mbili yangu unayo tangu Ramadhani.

Baiskeli_Ngamiani:

Chenji! Yule mwenye duka Barabara ya 12, mnamjua, yule wa kofia. Unanunua sukari, inabaki mia, anakupa pipi. Bila kuuliza. Jana nimempelekea pipi zake zote nikamwambia nipimie mchele wa hizi, kanifukuza.

KitochiHakizimi:

Afadhali weye unapewa pipi mpya. Mie nilipewa iliyoyeyuka na karatasi imegandia ndani.

MtuMakini_Raskazone:

Kwa kweli hapo sarafu ya kidijitali ndiyo ingesaidia, maana unalipa mpaka shilingi ya mwisho.

ShangaziMgandini:

Kijana wewe hupumziki?

DerevaWaKange:

Wa kofia huyo ana afadhali. Mkewe akikaa dukani jioni haulizi wala hatoi pipi. Anaangalia pembeni mpaka unaondoka mwenyewe.

Kiti_cha_Nyuma:

Samahani, BiVibua, kesho vibua fungu shilingi ngapi?

BiVibua_DeepSea:

Kesho inategemea mnada, njoo mapema. Lakini subirini kwanza, huyo wa kofia wa Barabara ya 12 mnamsema kidogo sana. Mie hanipi pipi, ananipa viberiti. Kila siku kiberiti! Nyumbani napikia gesi ya kuwashia kitufe, nina droo nzima ya viberiti. Juzi nikamwambia nirudishie mia yangu, ananijibu ati viberiti haviozi. Nani kasema nataka kisichooza?