Huku ni kuharibu samani za mninga na mvule, si kuzikarabati

Ndugu zangu, nimechoshwa na kile ambacho wauzaji wengi wa samani kuukuu hapa Dar es Salaam hukiita ukarabati. Mninga na mvule ni miti inayokomaa polepole, mbao zake zimekuwa ghali, na ubao mpana kama ule wa meza za zamani ni nadra kuupata leo hata ukiwa na fedha mkononi. Inauma sana kuona kabati la mbao hizo likipakwa vanishi nzito juu ya uchafu na nta ya miaka mingi, likauzwa kama jipya, na baada ya muda mfupi vanishi hiyo ikaanza kubanduka mikononi mwa mnunuzi.

Kinachoniudhi kuliko yote ni misumari. Meza nyingi za zamani ziliunganishwa kwa ulimi wa mbao ulioingizwa katika tundu lake, na gundi iliyotumika mara nyingi ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Mguu ukilegea, fundi mwenye subira hukifungua kiungo bila kukivunja, akakwangua gundi iliyochoka, akapaka nyingine na kukibana mpaka kikauke. Fundi niliyempelekea meza yangu nilimweleza hayo yote, naye akaitikia. Kisha akapigilia misumari mirefu hadi ulimi ukapasuka, akaziba ufa kwa puti, na akadai malipo yote kana kwamba amenitendea hisani.

Puti hiyohiyo ndiyo inayotumika kuficha wadudu. Ukiona unga laini ukidondoka chini ya kitanda au kabati, kuna uwezekano mkubwa kwamba wadudu watoboao mbao bado wamo ndani. Kwa kawaida hushambulia mbao nyeupe ya pembeni, ilhali kiini cha mninga na cha mvule huwashinda, kwa hiyo kazi halali ni kutia dawa kwenye matundu, kukata sehemu iliyooza na kupachika kipande kizima cha mbao ya aina ileile. Kuyaziba matundu kwa puti na kupaka rangi juu yake, huku ukijua kilichomo, ni udanganyifu, na sioni sababu ya kuupa jina la upole.

Mashine ya msasa nayo hupitishwa kinyume cha nyuzi za mbao, ikaacha mikwaruzo ambayo huonekana mara tu vanishi inapokauka.

Ninafahamu kwamba wateja wengi hubana bei, na kwamba kufungua kiungo huchukua muda kuliko kupiga msumari. Basi fundi atutajie gharama ya kazi halisi, nasi tuamue. Asipokee fedha ya ukarabati akaishia kuficha ubovu. Muuzaji naye aiweke samani ikiwa bado haijapakwa chochote, aturuhusu kuipindua na kuvuta kila droo, na aandike aina ya mbao kwenye risiti, kwa maana mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya kahawia imeuzwa mara nyingi mno kwa jina la mninga.

Bado nina viti vya mvule vilivyolegea, na sitavipeleka kwa mtu yeyote anayeanza kazi kwa kushika nyundo. Anayemfahamu seremala jijini anayefungua viungo vya zamani na kuvigundisha upya, tafadhali anielekeze.