Kuitembea Mombasa kwa miguu kando ya bahari, kutwa moja: tuanzie wapi?

Binti wa Dodoma

Ndugu zangu mnaoishi Mombasa, salaam. Mwezi ujao nitafika huko pamoja na baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa historia, naye ameomba jambo moja tu: tuufuate ukingo wa bahari kwa miguu, kutoka bandari ya kale hadi kivuko cha Likoni, bila kupanda tuktuk ila miguu ikikataa. Je, ipo njia inayofuata bahari mwanzo hadi mwisho? Na siku ipangwe vipi ili jua lisimchoshe mzee?

Mwana wa Mvita

Karibuni sana, dada, na mzee umfikishie shikamoo yangu. Masafa si makubwa, kwani ni kilomita nne au tano hivi, lakini bahari haifuatwi mwanzo hadi mwisho. Baada ya ngome ya Fort Jesus, Ikulu na viwanja vilivyozungushiwa kuta huiziba njia, hivyo itawalazimu kuingia mjini kupitia Treasury Square, kisha kuikuta tena bahari kwenye barabara ya Mama Ngina.

Mimi ningeanzia bandari ya kale asubuhi na mapema, kabla vichochoro havijajaa watu. Karibu na hapo zipo ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini, zilizopewa jina la meli ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyefika mwaka 1824 wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walipokuwa wakitafuta ulinzi dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Akautangaza ulinzi huo, lakini serikali yake ikaukataa, na kufikia 1826 ukawa umekwisha. Kutoka hapo mtaupita Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni mwaka 1570, wenye mnara mnene unaochongoka juu. Nasisitiza msiipite mitaa hii mbiombio, kwa sababu milango ya kuchonga na roshani za mbao zinahitaji mtu asimame na kutazama juu.

Mkaazi wa Kizingo

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu njia, ila si kuhusu mpangilio wa saa. Kwa kuwa mnaye mzee, tangulizeni Fort Jesus saa mbili asubuhi, kwani ua wake hauna kivuli cha kutosha na kufikia saa sita mawe yake huwa yamepata moto, ilhali vichochoro vya Mji wa Kale, kwa jinsi nyumba zilivyosongamana, huhifadhi kivuli hata jua likipanda.

Mwalimu wa historia atataka muda mrefu ngomeni. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, kipindi ambacho waliokuwa ndani waliangamizwa zaidi na maradhi kuliko na silaha. Mwambieni asimame ukutani upande wa bahari na atazame chini: hapo ndipo ilipozama meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna mwaka 1697, ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970 vimo katika makumbusho humo ndani, na kuviona baada ya kupaona pale penyewe hugusa moyo kweli.

Kisha ingieni Mji wa Kale, mle na mpumzike hadi alasiri. Kama ni Ijumaa, kumbukeni kwamba maduka mengi hufungwa wakati wa sala. Barabara ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, muiache kwa saa kumi, upepo ukivuma: ina mibuyu mikubwa, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu, na viti vya kumpumzisha mzee.

Abiria wa Likoni

Mpangilio huo wa pili ndio ninaouunga mkono, nami naongeza sababu ya kufika hadi mwisho wa njia. Asubuhi mtakuwa mmeiona bandari ya majahazi, iliyoishi kwa pepo za kaskazi na kusi. Alasiri, mkiwa Mama Ngina, mtaziona meli za makontena zikipita karibu mno na nchi kavu kuelekea Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, kwenye maji mapana na yenye kina yaliyofaa meli kubwa. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka hapa kisiwani mwaka 1896, biashara ilizidi kuhamia upande huo, na bandari ya kale ikabaki na majahazi yake. Mzee ataisoma historia hiyo yote kwa kutembea tu.

Kivukoni abiria wa miguu hawalipi, basi vukeni mrudi, lakini fikeni kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu baada ya hapo wafanyakazi wanaorudi nyumbani hujaa na mzee atasongwa. Kamera iwekeni mkobani, kwani kupiga picha pale hairuhusiwi.