Ilimba ya Kigogo na kinanda: oktava nigawe hatua 31 au 41?

Sauti_ya_Kati: Wakuu habari. Tunapanga nyimbo za Kigogo zipigwe ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na kinanda pamoja, hapa Dodoma. Ilimba inafuata sauti za asili, yaani mitetemo iliyo mara 6, 7, 8, 9 na 10 ya msingi mmoja (so, si iliyoshushwa au B♭, do, re na mi). Kinanda kikiingia, sauti ya 7 inagombana: kwa asili iko senti 969 juu ya do (oktava, yaani do hadi do inayofuata, ni senti 1200), B♭ ya kinanda iko 1000. Nataka kuachana na mgawo wa kawaida wa hatua 12 sawa kwa oktava. Nichukue 31 au 41, na nipangeje kwenye funguo 61?

Nyuzi_na_Hesabu: Mkuu, 1200 gawa kwa 31 ni senti 38.71 kwa hatua. Hatua 25 zinafika 967.7, na hatua 10 zinakupa mi ya 387.1 wakati ya asili ni 386.3. Safi sana. Tatizo ni sauti ya 9: hatua 5 ni 193.5, asili ni 203.9. Senti 10 pungufu, na katika muziki wa Wagogo sauti hiyo si pambo, inapishana na ya 8 muda wote. Mgawo wa 41 (hatua ya 29.27) unatoa re 204.9, so 702.4 na ya 7 ni 965.9. Mi ndiyo inapungua karibu senti 6. Mimi ningechukua 41. Mgawo wa 19 usihangaike nao, sauti ya 7 inashuka hadi 947.

Fundi_Vinanda: Kabla ya yote, wimbo unahama msingi, yaani do inabadilika katikati? Kama hauhami, huhitaji mgawo sawa wowote. Kinanda chenye sehemu ya kutuni kila noti, weka C kuwa msingi, kisha sogeza kwa senti kutoka sauti ya kawaida: D +4, E −14, G +2, B♭ −31. Basi. Mgawo sawa unalipa pale unapohamisha do katikati ya wimbo.

Ukienda na 41, funguo 61 hazifikishi hata oktava moja na nusu, kwa hiyo chagua noti unazozitumia tu. Surge XT, programu ya kinanda cha kompyuta, ni ya bure na inasoma faili la scl (orodha ya sauti za skeli). Angalizo: senti lazima ziwe na nukta. Ukiandika 204 bila nukta, programu inasoma uwiano wa 204 kwa 1 na sauti inapotea kabisa. Mstari wa mwisho uwe oktava, 2/1. Ukiwa na noti 5, oktava inajirudia kila baada ya funguo 5, labda uongeze faili la kupanga funguo.

Ukitumia gurudumu la kupinda sauti, linavuta chaneli nzima (noti zote zinazopita njia moja), na akodi yote inashuka. B♭ ipewe chaneli yake.

Nyuzi_na_Hesabu: Nakubaliana na Fundi kuhusu msingi mmoja. Naongeza: pima ilimba kwanza, kisha shusha au pandisha kinanda kizima kifuate do yake, maana chuma hakijui A ya 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kutuni. Utando wa buibui kwenye tundu unaongeza mzizimo unaochanganya kipimo, uzibe kwa kidole unapopima. Chuma kikiwa chini, kisukume ndani kidogo, kipande kinachotetema kifupike. Halafu sikiliza: do ikiwa C ya 130.8 Hz, B♭ ya kawaida inayumba (nguvu ya sauti inapanda na kushuka) dhidi ya chuma mara 4 kwa sekunde. Kwenye 41 inayumba mara moja kwa sekunde mbili na nusu hivi.

Sauti_ya_Kati: Wimbo wa tatu pekee ndio unahama. Huo nauwekea 41, mingine natuni noti kwa noti.