Kilti ya kuvaa shambani huku Molo, yenye joto na isiyomaliza mfuko, nitapata wapi?

Mzee wa Viazi
Wasee habari. Niko Molo, na baridi ya huku Julai mnaijua, saa kumi na mbili asubuhi niko kwa shamba umande umenifika magotini. Sasa kuna bro wangu alirudi kutoka Uskoti na kilti, ile nguo ya marinda ya wanaume wa kule, nikaiazima siku moja tukapanda Menengai na aki sijawahi kutembea na raha hivyo. Suruali ikilowa inakushika mapaja inakukwaruza mpaka jioni lakini hii unatembea tu, na kiuno kina joto kama umejifunga blanketi. Nataka yangu. Nimeangalia zile za sufu yadi 8 za kushonwa kwa mkono kule kwao, zinapita pauni 400, hiyo ni ng'ombe mzima. Halafu kuna za akriliki, ule uzi wa plastiki, za bei rahisi kwa mtandao, sijui kama zinadumu. Mnisaidie, na tafadhali ule utani wa marinda muuache nyumbani.

Dere wa Timboroa
Boss si ujifunge shuka ya Kimasai umalize 😂 sisi tunapita Timboroa usiku na suruali mbili na hatulalamiki

Fundi Cherehani Nakuru
Dere, shuka nyingi za soko siku hizi ni akriliki hizo hizo. Mzee usiguse akriliki. Ni nyepesi, upepo ukipiga inapaa watu waone mambo yako, marinda yanalegea ukifua, na ukiota moto cheche ikiruka inayeyuka inakugandia ngozi. Sufu hutoboka kashimo kadogo ikazima, na hata ikilowa bado ina joto.

Kilti ni uzito wa kitambaa, hayo mengine ni mapambo. Kule kwao wanapima aunsi kwa yadi, 13 ni ya kawaida, 16 ndiyo nzito, hiyo ndiyo yako. Na yadi 8 zisikutishe, kitambaa kikiwa na upana wa inchi 60 hivi unanunua yadi 4 tu, unakipasua katikati kwa urefu, unaunga vipande viwili na ule mshono unaufichia ndani ya rinda. Tena za zamani, miaka ya 1790 huko, zilikuwa za yadi 4 hivi na marinda mapana ya boksi, kwa hivyo ukiniletea yadi 2 za upana huo natoa kilti ya kazi.

Mbele hakuna marinda, ni vipande viwili bapa vinalaliana, cha juu kinafungia kulia. Kazi iko nyuma. Marinda yanabanwa na kushonwa kutoka kiunoni mpaka kwa makalio, halafu ndani ya bitana unaweka kanvasi ngumu ya kubeba uzito. Kuna jamaa nilimshonea ya harusi nikaruka hiyo kanvasi, nilidhani ni urembo, ikarudi baada ya miezi michache imening'inia kama sketi ya Form One. Sirudii.

Kipimo chukua kwa kitovu, si pale jeans inakaa. Ukipiga magoti chini upindo usiguse sakafu.

Mama Kibuye
Niko Kisumu nauza mitumba. Hizo huwa zinakuja kwa bale za nguo za baridi lakini watu wanaziita sketi za wamama, kwa hivyo usitaje kilti, ukitaja tu bei inapanda. Uliza kamera, zile safi za kwanza kuchaguliwa, fagio yaani mabaki achana nayo. Chomoa uzi mmoja uchome, ikinuka nywele na jivu linavunjika kwa vidole ni sufu, ikifanya kashanga kagumu hiyo ni plastiki. Inua kwa jua uangalie mashimo ya nondo. Shida ni za kike mara nyingi ni ndogo, kiuno cha mkulima haziingii 😅 afadhali utafute blanketi nzito ya sufu umpelekee fundi.

Mzee wa Viazi
Blanketi! Sikuwa nimefikiria. Na zile za kanvasi ya pamba zina mifuko ya pembeni ziko aje? Na kufua?

Fundi Cherehani Nakuru
Pamba ni ya jua, ikilowa huko Molo utatetemeka. Na ukiona ya rangi za jeshi pita mbali, raia kuvaa kombati hapa Kenya ni kesi. Kufua usifue ovyo, matope yaache yakauke upige brashi, usiku itundike nje ya kabati ipate hewa. Ikibidi kufua, shikiza marinda kwa uzi kwanza, maji baridi, usikamue. Na ndani vaa baisiko, ile kaptura ya kubana, mambo ya kwenda hivi hivi waachie wenyewe.

Mzee wa Viazi
Sawa. Mama, Jumapili nashuka Kisumu, unifichie blanketi ya kijivu.

Mama Kibuye
Kuja mapema kabla wale wa Busia hawajachagua. Na usikuje mikono mitupu, debe moja ya viazi.