Tupeane uzoefu: sabuni za kunyolea zenye ile harufu ya kinyozi wa zamani

Wakuu, ile harufu ya kinyozi tunayoikumbuka msingi wake ni vitu vitatu: lavenda, kumarini inayonukia nyasi kavu, na ukoga wa mti wa mwaloni. Mchanganyiko huo ulipata umaarufu mwaka 1882 kupitia marashi ya Fougère Royale ya kampuni ya Houbigant, Ufaransa, kisha ukaenea kwenye sabuni na poda. Neva za pua huingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, ndiyo maana ukinusa tu unamkumbuka mtu. Wewe unatumia harufu gani, na unafanyaje isipotee?

---

Mkuu, usisahau karafuu. Bay rum, losheni ya kunyolea ya visiwa vya Karibi, hunukia karafuu kwa sababu majani ya mti inayotengenezewa yana eujenoli, kiungo kilekile kinachotawala mafuta ya karafuu zetu za Pemba. Ila ngozi iliyotoka kunyolewa haiivumilii ikizidi. Kwa gramu 100 za sabuni, mafuta ya karafuu yasipite nusu gramu. Kwanza jaribu povu ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima.

---

Kwa wanaopika wenyewe: karafuu huigandisha sabuni ghafla, unabaki na bonge ndani ya sufuria. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa moto, maana asidi ya steariki (asidi ya mafuta, ngumu kama nta) ikipoa huganda kabla haijachanganyika. Mimi napenda steariki 55, mafuta ya nazi 25 na siagi ya shea 20 katika kila gramu 100 za mafuta. Potashi (kostiki potashi, KOH) iwe nyingi kuliko kostiki soda (NaOH), ndipo povu linakuwa laini. Vipimo vya kostiki hizo mbili vikokotolewe kwa kila aina ya mafuta, usikisie kamwe, na vaa glavu na miwani. Manukato yanaingia mwisho kabisa, sabuni ikiwa imepoa kidogo lakini bado inakorogeka. Ukiyatia ikiwa ya moto sana, limau na chungwa huondoka na mvuke. Vanila nayo huigeuza sabuni kahawia. Haiharibiki, ila usitarajie nyeupe.

---

Mnasahau maji! Maji ya kisima yenye chokaa huua povu, na harufu inafifia nayo. Tumia ya mvua. Loweka brashi ya nywele za mnyama dakika mbili kwenye maji ya uvuguvugu, ikung'ute, izungushe juu ya sabuni nusu dakika, halafu ongeza maji matone machache machache huku ukisugua shavuni. Povu likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Likivuta na kukauka, hayatoshi. Harufu hufunguka likiwa zito na linang'aa.

---

Nyongeza: ukimaliza acha kopo wazi hadi sabuni ikauke juu, ndipo ufunike. Ukifunika ikiwa mbichi brashi itanuka uvundo, na hakuna lavenda ya kuuficha.