Nyumba za sadaka za Uingereza: kwa nini zinazunguka ua?

Swali: Wakuu, zile nyumba za kale za wazee maskini naona zinazunguka ua, kila mlango na dohani yake. Ndivyo zilivyoanza?

Jibu 1: Hapana. Za mwanzo zilikuwa ukumbi mmoja kama wodi, kanisa dogo upande wa mashariki ili hata wa kitandani afuate ibada. Tazama nyumba ya sadaka ya St Mary's, mjini Chichester: karne ya 17 walijenga vijumba na dohani za matofali ndani ya ukumbi uleule wa karne ya 13. Kituko kizuri!

Jibu 2: Ua ulishika karne ya 15. Nyumba ya sadaka ya kijiji cha Ewelme, 1437, ilijengewa wazee 13. Lango likifungwa usiku, wote wako ndani.

Jibu 3: Anayekarabati asizibe viungo kati ya matofali kwa saruji. Tofali la kale ni laini. Unyevu ukikosa njia kwenye kiungo hutokea usoni mwa tofali, baridi ikaugandisha, uso ukabanduka. Chokoa kiungo kwa mkono, kina mara mbili ya upana wake, lowesha, jaza chokaa 1 kwa mchanga 3, funika kwa magunia mabichi. Msimu wa barafu, acha kabisa.