Glavu za rangi mbili kwa uzi mnene: zinabana, na vidole vinanasa ndani

uzi_mweusi:
Wataalamu, nafuma zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake. Uzi ni mnene wa sufu: mweusi ndio msingi, mweupe wa michoro. Sampuli ya mweusi mtupu kwa sindano za mm 6 ilitoa vitanzi 14 kwa sm 10. Mzingo wa kiganja ni sm 20, hivyo nilianza na vitanzi 28. Sehemu ya michoro inabana mno, na vidole vinajikwaa kwenye nyuzi zinazopita nyuma. Mchoro una mahali penye vitanzi 6 mfululizo vya rangi moja. Nibadilishe sindano au mchoro?

SindanoTano:
Vyote, ila anza na mchoro. Kwa kipimo chako kitanzi kimoja kina upana wa mm 7 hivi, kwa hiyo vitanzi 6 vinaacha uzi wa zaidi ya sm 4 ukining'inia ndani. Kidole kina upana wa sm 2 tu, lazima kiingie. Ile kanuni ya "visizidi vitanzi 5" ni ya uzi mwembamba. Kwa uzi mnene visizidi 3. Usitegemee kuubana uzi wa nyuma katikati ya safari (kuuzungushia uzi unaofuma ili usining'inie): mweupe utachungulia mbele kama vidoa vya kijivu, na kitanzi hicho kitalala upande.

Idadi nayo haitoshi. Vitanzi 28 vinakupa sm 20 kwa nje. Kitambaa cha rangi mbili kwa uzi huo kikiwa na unene wa mm 5, mzingo wa ndani unapungua karibu sm 3. Nenda 32, inayogawanyika kwa 4 na kwa 8, uchague mchoro unaojirudia kila vitanzi 4. Bendi ya kifundo ibaki 28 kwa sindano za mm 5, kisha ongeza 4 kwenye mzunguko wa kwanza baada yake.

Na sampuli ya rangi moja haikuambii kitu hapa. Ifume kwa rangi zote mbili, tena kwa mzunguko.

mfumaji_kimya:
Naunga mkono. Nyongeza: geuza kazi ili upande wa mbele uangalie ndani ya duara wakati unafuma. Nyuzi za nyuma zinazunguka kwa nje, njia inakuwa ndefu kidogo, hazivuti. Kabla ya kubadili rangi, tandaza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia. Kwenye kona, pale unapohama sindano moja kwenda nyingine, ndipo wengi wanakaza bila kujua.

Mweupe upite chini ya mweusi siku zote. Rangi inayotokea chini ndiyo inayojitokeza zaidi, na ukichanganya mpangilio, glavu ya pili haitafanana na ya kwanza hata kama mchoro ni uleule.

uzi_mweusi:
Asanteni sana. Na gumba na kilele, kwa 32?

SindanoTano:
Gumba lifume kwa mweusi mtupu, michoro pale ni kujitesa. Chagua kitanzi kimoja, uongeze kimoja kila upande wake, mzunguko mmoja ndiyo mmoja hapana, hadi vifike 9. Vihamishie kwenye uzi wa akiba, anzisha kitanzi 1 juu ya pengo, umerudi 32. Baadaye rudisha hivyo 9 na uokote 3 pengoni (uibue vitanzi vipya kwenye ukingo wake), kimoja kila kona na kimoja katikati. Usipookota vya kona, tundu litabaki.

Kilele: punguza 4 kwa mzunguko. 28, mzunguko mtupu (bila kupunguza), 24, mtupu, halafu mfululizo 20, 16, 12, 8. Kata uzi, upitishe kwenye vile 8, vuta. Hiyo ni mizunguko 8, kati ya sm 4 na 5, kwa hiyo anza kupunguza urefu huo ukiwa umebaki kufika ncha ya kidole kirefu.

mfumaji_kimya:
Kabla ya yote, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye uzi mweusi. Kikichafuka, suuza mweusi peke yake hadi maji yawe safi, kabla hujaanza kufuma. Glavu zikikamilika, loweka kwenye maji vuguvugu dakika 20 bila kusugua (sufu ikisuguliwa inashikamana na kusinyaa), kamua ndani ya taulo, anika zikiwa zimelazwa.